Shaaban Robert: Mchana karani wa Serikali, usiku mwenye mali yake

Desemba iliyopita, wakati mabasi ya kutoka Dar es Salaam yakimwaga watu Himo na Moshi kwa ajili ya Krismasi, nilikuwa Kirua Vunjo kwa shughuli za kifamilia. Mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa kahawa na migomba mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, aliniita pembeni akiwa na bahasha mkononi. Kwa kuwa nilisomea uchumi wa kilimo, pale kijijini hudhaniwa najua kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mwajiri wa mwanawe wa tatu. Kijana huyo anafanya kazi katika duka la pembejeo na dawa za mifugo, duka ambalo sitalitaja. Jioni na siku za Jumapili alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya kikundi cha maziwa cha akina mama, ambamo mama yake ni mwanachama. Programu inapokea lita za kila mmoja asubuhi na jioni, inakata deni la pumba na dawa, na mwisho wa mwezi inatoa hesabu ya kila mama peke yake. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa kwenye daftari moja lililokwisha kulowa mvua mara mbili. Vikundi viwili vya jirani vikasikia, vikataka kuinunua. Mwajiri naye akasikia. Barua yake inasema kuwa kijana ni mfanyakazi wa duka, hivyo programu ni mali ya duka, aikabidhi na asimuuzie mtu.

Mzee alitaka kujua jambo moja tu. Mtu akiajiriwa, ameajiriwa mikono yake kwa saa za kazi, au ameajiriwa pamoja na kichwa chake mpaka usiku wa manane?

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda, nami nikarudi mjini na swali lake. Katika kulifikiria nilijikuta nikimrudia mtu ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni bila kujali alikula wapi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Mbele ya sheria, kijana wa Kirua Vunjo aliyeandika programu usiku ni ndugu wa mtu aliyeandika shairi usiku. Na katika nchi hii hakuna mwajiriwa aliyeandika usiku kumzidi Shaaban Robert.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Alipofika umri wa kwenda shule Wajerumani walikuwa wamekwisha ondoka na Waingereza wameingia. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, na alipomaliza akaingia moja kwa moja kazini. Vijana Waafrika waliojua kusoma, kuandika na kupiga hesabu walikuwa wachache, na Serikali ya kikoloni iliwahitaji makarani. Shaaban akachukuliwa na Idara ya Forodha.

Wafanyabiashara wanaosoma ukurasa huu wanaijua forodha kwa upande wa kaunta ya mbele. Upande wa nyuma ni kazi ya kalamu tangu asubuhi: mzigo umeingia, uzito wake, thamani yake, ushuru wake, umelipwa au haujalipwa. Shaaban alifanya kazi hiyo katika vituo vya pwani, Pangani ikiwamo, kwa miaka 18, toka 1926 hadi 1944. Hebu fikiria wino alioutumia kwa ajili ya mwajiri wake katika miaka hiyo. Hakuna hata ukurasa mmoja wa vitabu vile vya ushuru ambao yeye au wanawe wangeweza kuudai. Ulikuwa mwandiko wake, lakini haikuwa mali yake.

Ndivyo sheria ya wakati ule ilivyosema. Tanganyika ilitumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza: anayeandika ndiye mwenye haki, isipokuwa kama ameandika katika utekelezaji wa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Hapo haki ni ya mwajiri, ila kama wamekubaliana vinginevyo. Na kilichoandikwa kwa maelekezo ya idara ya Serikali kilikuwa cha Serikali.

Maneno ya kutazama ni yale ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Sheria haikusema kila atakachoandika mtu aliyeajiriwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwachia Shaaban Robert nafasi ya kuwa Shaaban Robert.

Maana akiwa karani wa forodha alikuwa tayari mshairi. Mashairi yake yalisomwa magazetini, hata katika Mambo Leo lililokuwa gazeti la Serikali yenyewe. Mke wake Amina alipofariki aliandika shairi la maombolezo ambalo wanafunzi wamelisoma kwa vizazi. Aliandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake Mwanjema, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe Hussein, kuwausia watoto walioachwa na mama. Hakuna idara ya forodha duniani inayomwagiza karani wake kumuusia bintiye kwa beti. Kwa kazi za namna hiyo mpaka ulionekana wazi hata kwa mtu asiyejua sheria.

Mwaka 1944 akahamishwa. Mtu wa pwani aliyezoea harufu ya chumvi akapelekwa Mpwapwa, kwenye Idara ya Mifugo, wakati vita vya dunia vikiendelea na safari za ndani zikiwa za taabu. Alikaa huko hadi 1946. Katika wasifu aliouandika mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ameieleza safari hiyo, na msomaji anayependa habari za nchi yetu ya zamani atafaidi kuisoma.

Nakaa kidogo Mpwapwa kwa sababu mbili. Kwanza huu ni ukurasa wa wakulima na wafugaji, na ni vizuri kujua kuwa mshairi wetu mkuu aliwahi kulipwa mshahara na idara ya ng'ombe. Pili, idara hiyohiyo inatupa mfano wa upande wa pili wa mpaka. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Mpwapwa walikuwa katika kazi ya kutafuta ng'ombe atakayetoa maziwa na nyama katika nchi kame, kwa kuchanganya zebu wetu wa kienyeji na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, na nyinginezo. Mbegu iliyotokana na kazi hiyo inaitwa ng'ombe wa Mpwapwa hadi leo. Wale wataalamu walitumia akili zao, tena akili nyingi. Lakini madume yalikuwa ya Serikali, malisho ya Serikali, daftari za uzazi za Serikali, na wao waliajiriwa hasa kwa kazi ya kuboresha mifugo. Ng'ombe wa Mpwapwa hakuweza kuwa mali ya mtaalamu aliyeandika namba sikioni mwake.

Kwa hiyo katika idara moja, miaka ileile, chini ya mwajiri yuleyule, palikuwa na vitu viwili vilivyotoka vichwani mwa watumishi. Kimoja kilikuwa cha Serikali na kingine, utenzi wa karani, kilikuwa chake. Hakikupimwa kwa ugumu wa akili iliyotumika. Kilipimwa kwa kazi waliyoajiriwa, na kwa vifaa vya nani.

Sisi wa Kilimanjaro tunaye shahidi wa karibu zaidi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kilianza 1934, na mikahawa ya N39 na KP423 ambayo wazee wetu waliipanda ilichaguliwa pale. Hakuna mkulima aliyewahi kuuliza ni mali ya mtafiti yupi. Ilikuwa kazi ya kituo.

Kutoka Mpwapwa Shaaban alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya Mkuu wa Jimbo hadi 1952, kisha ofisi ya upimaji ardhi mpaka alipoacha utumishi karibu na 1960. Hii ndiyo miaka ambayo vitabu vilitoka mfululizo. Pambo la Lugha kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Maisha Yangu kilitoka 1949. Kusadikika kilitoka 1951 kwa kampuni ya Nelson, na Adili na Nduguze 1952 kwa Macmillan. Angalia majina ya wachapaji: wote wa nje. Nitalirudia hilo.

Kwanza tutazame Kusadikika. Ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambako kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Mbele ya mfalme anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo mema kwa nchi yao, na waliporudi wakafungwa badala ya kushukuriwa. Wasomaji wengi wameiona kuwa picha ya utawala wa kikoloni, na ni vigumu kuwabishia. Mwandishi wake, kumbuka, mchana alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya Mkuu wa Jimbo, mwakilishi wa utawala huohuo.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa swali la mzee wa Kirua Vunjo. Tukizungumza habari ya umiliki, wengi tunafikiria fedha tu, nani atapokea malipo. Lakini mwenye mali ana haki nyingine kubwa kuliko ya kuuza. Ana haki ya kutouza. Ana haki ya kuifungia kabatini. Laiti kila alichoandika mtumishi wa Serikali kingehesabiwa kuwa cha Serikali, Mkuu wa Jimbo asingehitaji kukipiga marufuku kitabu cha Kusadikika. Angekiweka kwenye droo na kufunga kwa ufunguo, basi. Kadhalika yule mwenye duka akiipata programu ya maziwa, halazimiki kuitumia. Anaweza kuiweka kando kwa sababu tu hataki wafugaji waone deni lao la dawa linavyokua, na akina mama wakarudi kwenye daftari la kulowa.

Lakini nisimchore mwajiri kama jini. Msomaji wangu huenda wewe ni mwenye duka, una vijana wawili, mmoja umemlipa akutengenezee mfumo wa stoo kwa miezi sita. Asubuhi moja anaacha kazi na kuondoka nao kwenda kwa mshindani wako wa ng'ambo ya barabara. Hapo utaona kanuni ile ya zamani ilikuwa na maana. Ulimlipa kwa kazi hiyo, ukavumilia makosa yake ya kujifunza, umeme ulikuwa wako. Ni haki yako.

Yupo mtu mwingine ambaye jina lake linatajwa Kirua Vunjo kila siku bila watu kukumbuka kuwa alikuwa mtu. Ukienda kusaga mahindi, ukisubiri lori la mawe, ukiwasha pampu ya kumwagilia nyanya kule tambarare, unamtaja. Ni Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani, akasoma Munich chini ya profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Mwaka 1880 akaajiriwa katika biashara ya barafu ya mwalimu wake huyo. Diesel alikuwa mbunifu, na akiwa kazini alipata hataza za mambo ya barafu. Tatizo ni kwamba hakuruhusiwa kuzitumia hataza hizo kwa faida yake, kwa sababu alizipata akiwa mwajiriwa wa Linde katika kazi hiyohiyo.

Alichofanya ni kuhama uwanja. Barafu ilikuwa ya Linde, akaiacha kwa Linde. Akageukia injini, kitu ambacho hakikuwa biashara ya mwajiri wake, na mwaka 1893 alipewa hataza Ujerumani kwa jina lake mwenyewe. Kiwanda cha Augsburg na kampuni ya Krupp ndizo zilizogharimia majaribio, kwa mikataba iliyoandikwa. Injini ya kwanza ililipuka katika majaribio ya 1893, na ilifika 1897 ndipo alipopata iliyofanya kazi sawasawa. Ilibadili zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, wakati mashine za mvuke za kawaida zilifika kama sehemu moja ya kumi. Katika maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo ambalo wakulima wa karanga wa Dodoma wangefurahi kulijua. Diesel alitajirika, kisha akaingia hasara na madeni, na Septemba 1913 alitoweka usiku kutoka kwenye meli iliyokuwa ikivuka kwenda Uingereza. Mali aliipata. Kuitunza ni habari nyingine.

Na hilo la kutunza ndilo linalonirudisha Tanga. Shaaban Robert hakunyang'anywa maandishi yake na mwajiri. Mpaka ulikuwa wazi na alibaki mwenye mali. Lakini mwenye mali alihitaji soko, na soko lilikuwa mbali. Mkulima wa kahawa anaelewa hali hiyo kuliko mtu yeyote. Kahawa ni yako tangu mche hadi gunia, ila bei inapangwa na watu usiowajua katika miji usiyoijua. Mwandishi wa Kiswahili wa miaka ya 1940 na 1950 alifunga muswada wake kwenye bahasha, akaupeleka Johannesburg au London, akasubiri. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, zinatuonyesha mtu aliyekuwa akihangaika na kazi yake kama anavyohangaika mkulima na mazao yake.

Heshima aliipata. Aliingia katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapewa tuzo ya Margaret Wrong, na Waingereza wakampa nishani ya M.B.E. Nasema hivi kwa heshima zote: nishani haina hisa wala gawio.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, miezi michache baada ya Uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Akazikwa kwao Machui. Aliacha miswada mingi ambayo ilikuwa haijachapishwa. Mfululizo wa Diwani ya Shaaban ulianza kutolewa na Nelson 1966. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu kuliko zote, ulitoka 1967, na Kufikirika mwaka huohuo ingawa alikuwa amekiandika zaidi ya miaka 20 nyuma. Mwaka 1968 kikatoka Utubora Mkulima, ambacho ningependa kila msomaji wa ukurasa huu akitafute. Ni habari za karani mwenye kazi ya mshahara mzuri kwa tajiri wa Unguja, anayeiacha na kwenda kulima. Kitabu hicho aliyekiandika hakukiona kikiwa na jalada.

Miswada ile iliweza kubaki katika urithi wa familia kwa sababu haikuwa faili za ofisi. Fikiria ingekuwaje kama aliiandika kwenye karatasi za forodha, saa za forodha, na kuihifadhi katika kabati la forodha. Baada ya mazishi, nani angekwenda ofisini kuchambua kipi ni cha marehemu na kipi cha Serikali? Dar es Salaam leo kuna mtaa na shule vyenye jina lake. Jina la mtaa ni la umma, lakini vitabu vilikuwa na mwenyewe.

Sasa nirudi Kirua Vunjo, maana mzee ananisubiri.

Kanuni ya sasa haiko mbali na ile aliyoishi nayo Shaaban. Kwa sheria ya 1999, mfanyakazi akitengeneza kazi kama sehemu ya ajira yake, faida ya kiuchumi inakwenda kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Nje ya hapo, aliyetengeneza ndiye mwenyewe. Haki hiyo haingoji usajili, ingawa kuiandikisha kazi COSOTA kunasaidia ushahidi pakitokea ugomvi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kijana aliajiriwa kufanya nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Karatasi hiyo wengi huitia sahihi bila kuisoma kwa furaha ya kupata kazi. Siku ya ugomvi ndiyo karatasi ya kwanza kutafutwa.

Nilimwomba kijana aniletee yake. Kurasa mbili. Kazi yake ni kuuza, kupokea mzigo na kutunza stoo. Hakuna neno lolote la kompyuta, wala kifungu kinachosema kila atakachobuni ni cha duka. Hapo alisimama vizuri, karibu kama karani wa forodha na utenzi wake.

Lakini nilipombana akakiri mambo mawili. La kwanza, kwa jioni kadhaa kompyuta yake ilipoharibika alitumia ile ya dukani. Hilo peke yake, kwa maoni yangu, haliigeuzi programu kuwa ya duka, lakini linampa mwajiri mahali pa kushika. Shaaban angekuwa amechukua ukurasa wa daftari la ushuru. La pili ni zito zaidi. Ndani ya programu aliingiza orodha ya bei za dawa na pumba, na baadhi ya majina ya wafugaji na simu zao, ambavyo alivitoa kwenye kumbukumbu za duka. Hapo nilimwambia bila kumumunya: programu inaweza kuwa yako, orodha si yako. Orodha ya wateja wa duka ni ng'ombe wa Mpwapwa. Umemwandika namba sikioni, hukumzaa.

Mzee aliyekuwa akisikiliza alilielewa jambo hili upesi kuliko mwanawe, na akalieleza kwa njia ya kwetu. Zamani Mchagga mwenye ng'ombe wengi na kihamba kidogo aliwapeleka ng'ombe wake kutunzwa kwa mwingine. Maziwa na samadi vilikuwa vya mtunzaji, ndama alikuwa wa mwenye ng'ombe, na pale walipopatana mtunzaji alipewa ndama wake mmoja baada ya uzao fulani. Mapatano yalifanywa mbele ya watu kabla ng'ombe hajaingia zizini. Kosa la mwanawe, alisema mzee, ni kungoja mpaka ndama azaliwe ndipo wakaanza kuulizana ni wa nani.

Nina neno kwa wenye maduka na viongozi wa vyama vya msingi pia, kwa kuwa mambo haya yatawafikia. Vijana wengi mnaowaajiri leo wana kompyuta au simu inayoweza kutengeneza vitu ambavyo ninyi hamkuviwaza mlipowapa kazi. Mkitaka mfumo wa stoo, andikeni katika maelezo ya kazi kuwa kuutengeneza ni sehemu ya kazi, na mlipeni kwa hiyo. Mkimtumia fundi wa kujitegemea ambaye si mwajiriwa, hapo maandishi yanahitajika zaidi, maana yeye hana ajira ya kusemea. Kuandika kifungu kinachomeza kila kitu atakachofikiria mtu mpaka Jumapili ni rahisi, nami nimeviona. Lakini kijana mwenye kichwa hawezi kukaa kwako muda mrefu chini ya kifungu hicho, na akikaa atajifunza kutokufikiri.

Kijana amekwisha ifuta orodha ya bei na majina ya wateja. Ile kompyuta ya dukani ameacha kuigusa nje ya kazi. Amefungua daftari na kuandika tarehe zote anazozikumbuka: lini alianza, lini kikundi kilijaribu kwa mara ya kwanza, fedha ya kutengeneza kompyuta alipata wapi. Akina mama wawili wa kikundi wametia sahihi kwamba waliiona ikifanya kazi nyumbani kwake.

Barua ya kujibu tuliiandika pamoja mezani kwa mzee, ukurasa mmoja. Inaeleza kazi aliyoajiriwa, inakiri habari ya kompyuta na orodha, na inatoa pendekezo: duka liitumie programu bure kwa wateja wake lenyewe, na vikundi vya maziwa vibaki kuwa wateja wa kijana. Mzee hakutaka ipelekwe kwa posta. Amesema atashuka mjini mwenyewe Jumamosi pamoja na kaka yake na kijana, waikabidhi mkono kwa mkono na kuzungumza, na mkataba wa kurasa mbili utakuwa mfukoni mwa koti.